Samaki Wasioogopa Kivuli

Kwetu Tumati samaki hakuwa chakula. Mama yangu alimwita nyoka wa maji, na ukimwambia kwamba kuna watu wanamla na wananenepa, aligeuka akatema mate pembeni. Nilipoolewa Dirma nikakuta mambo ni yale yale: nyumba ya wakwe zangu ilikuwa ya maziwa, mahindi, maharage, na nyama ya sikukuu. Kwa hiyo nilipoanza kuwawaza samaki mchana kutwa, watu wa nyumbani waliona nimeingiwa na jambo. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kutotulia. Mama mkwe alikuwa akisema hata nikikaa kwenye kigoda miguu yangu inatembea.

Miaka ile serikali ililima ngano Hanang, mashamba ambayo ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake. Mume wangu alipata kazi kwenye ghala la mbegu. Kazi hiyo ilileta watu wa kila mkoa, na mmoja wao alikuwa dereva wa trekta kutoka pande za Ziwa Viktoria, akapanga nyumba jirani na yetu pamoja na mke wake. Huyo mke ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa mkubwa wangu kidogo, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka zizini. Mimba zake zote za nyuma zilikuwa zimeharibika. Alipofika kwetu alikuwa na nyingine, na hii ilikuwa imeshika. Kliniki walimwambia ale vizuri, nyama, mayai, samaki, na yeye akalichukua neno hilo kama amri ya kanisani.

Chini ya nyumba zetu kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe, na ndani yake perege ambao hakuna aliyewavua. Siku alipogundua, alicheka akashika mbavu.

"Jamani watu wa huku! Mnakula ugali mkavu na kitoweo kinaogelea hapo chini!"

Akawa anashuka na ndoana yake. Nami nikienda kuchota maji, binti yangu mchanga mgongoni, nilikaa naye ukingoni. Ndiye aliyenifundisha kutazama samaki. Alinikataza kusimama upande wa jua, maana kivuli changu kikigusa maji tu wote wanatoweka. Perege ni mwoga, alisema, na ndiyo maana anaishi. Nilipenda kuwaona wakitembea kwa makundi, mmoja akigeuka wote wanageuka. Kuwala, hapana.

Ukafika msimu wa kupanda. Mbegu ya ngano ilikuja imepakwa dawa nyekundu ili isiharibiwe na ukungu ardhini, na magunia yakishakuwa matupu wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua. Gunia lilikuwa mali. Lilikuwa godoro, lilikuwa ghala la mahindi, lilikuwa pazia la kuzuia upepo wa Hanang mlangoni. Magunia hayo yalikuwa na picha ya fuvu la kichwa, lakini tulishaizoea, tukaiona kama chapa ya shamba tu. Desturi yetu ilikuwa kwamba wanawake tunashuka pamoja lamboni kuyafua, tunayakanyaga juu ya mawe huku tunaimba. Maji ya ukingoni yalibaki mekundu kwa muda, kisha yakatakata. Yakishatakata, ng'ombe waliteremshwa. Ng'ombe akinywa, mtu anakunywa: hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, na kwa wafugaji kilitosha. Samaki hakuulizwa, maana hakuwa mali ya mtu.

Mwaka ule magunia yalikuwa mengi na mvua ikakatika mapema. Lambo likashuka mpaka tope likaonekana. Asubuhi moja nilisahau nikasimama upande wa jua. Kivuli changu kilianguka juu ya maji na perege hawakukimbia. Nikapunga mkono. Wakabaki pale pale juu juu, midomo ikifunguka na kufungika. Hawakuwa tena kundi. Kila mmoja alikuwa kivyake, huyu kaelekea huku, yule kule. Karibu na jiwe la kufulia palikuwa na mmoja aliyezunguka, anazunguka, anazunguka, upande ule ule.

Nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Samaki wamebadilika, mama. Hawaogopi."

Mama mkwe alikuwa akipepeta maharage. Hakuinua uso.

"Ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Basi kachote. Au siku hizi tunachungwa na samaki?"

Nilikwenda kuchota, lakini kwenye chemchemi ya mlimani, mbali, na nikarudi jua linatua huku nimekasirika. Kesho yake hivyo hivyo. Alinisema kwa majirani kwamba nimepata mahali pa kupotezea muda. Potelea mbali. Kilichonisumbua zaidi ni jirani yangu, kwa sababu yeye alikuwa na furaha. Aliacha ndoana nyumbani. Alikuwa akiingia majini mpaka magotini, na beseni, anawateka kama mtu anayeteka maji. Tumbo lilikuwa limekua, kuinama kulimchosha, na sasa kitoweo kilimfuata mwenyewe. "Mungu ameona hali yangu," alisema. Kila nilipopita nje kwake nilisikia harufu ya samaki.

Nilimwambia. Nilimwambia kwanza kwa utani, kisha kwa upole, kisha kwa ukali. Nilimweleza kwamba kwetu ng'ombe akianza kuzunguka mahali pamoja tunajua kichwa chake kimeingiwa na ugonjwa, na hatumchinji tukamla kwa furaha. Alicheka.

"Dada, wewe hujaonja samaki tangu uzaliwe. Leo unanifundisha samaki?"

Neno zebaki sikulijua. Binti yangu ndiye aliyekuja kunieleza, amekuwa mtu mzima, amesomea mambo ya maji: kwamba dawa nyingi za mbegu za zamani zilikuwa na madini hayo, kwamba yanazama kwenye tope na kupanda kwenye vyakula vya samaki, yanaingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na samaki anasahau woga, anasahau wenzake, hata kutafuta chakula anapapasa. Na kwamba anayemla anayapokea. Mimi wakati ule nilikuwa na macho tu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nimeyaona, lakini nani humsikiliza mwanamke asiyekaa chini?

Siku moja mchana niliingia jikoni kwa jirani yangu bila kubisha hodi vizuri. Mume wake alikuwa shamba la mbali na trekta. Nilimkuta ameketi, ugali umefunikwa, samaki kwenye sufuria. Binti yangu alikuwa amenyonya akasinzia kifuani.

"Karibu, dada. Ila mboga yenyewe wewe huitaki."

Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu huwa inatangulia akili. Nikanawa mikono. Nikaketi mbele ya sufuria, nikamega samaki, kipande kikubwa, cha tumboni. Nilimwona mawazoni mama yangu akitema mate pembeni. Nikaupeleka mkono kinywani hivyo hivyo.

Alinipiga mkono kwa nguvu mpaka samaki akaangukia kwenye majivu.

"Una wazimu? Unanyonyesha!"

Mtoto aliamka akalia. Maneno ya jirani yangu yalikuwa yamemtoka kabla hajayazuia, na sasa hayakuwa na pa kurudi.

"Kumbe unajua," nikasema.

Alijifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ikiwa tayari imekauka. "Nimezaliwa kwenye samaki. Unadhani sikuona? Niliona siku ya kwanza." Akaanza kulia. "Waliniambia nile. Mimba zile nyingine zote zilitoka kwa sababu nilikuwa dhaifu. Ningekula nini, dada? Majani?"

Nilikimbia nyumbani, nikachukua kibuyu cha maziwa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake nilipokumbuka ng'ombe wetu wananywa wapi. Nikasimama na kibuyu mkononi kama mjinga, siwezi kuingia, siwezi kurudi. Mwishowe nikakiweka nje, nikaenda kumletea maharage ya mama mkwe bila kumwomba ruhusa, na ndoo yangu ya maji ya chemchemi. Tulimwaga sufuria pamoja, nyuma ya nyumba, tukafukia ili mbwa wasifukue.

Tuliponawa, alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Na wale niliokwisha kula?"

"Wale walikuwa bado wazima," nilimjibu. Nilijibu haraka sana. Alinitazama usoni, kisha akasema asante.

Toka siku hiyo hakula tena samaki wa lambo. Mama mkwe aligundua maharage yamepungua, akanisema, kisha akaanza mwenyewe kumpelekea mayai, na siku moja nikamkuta kwenye njia ya chemchemi na kidumu chake, tukapishana. Lakini kabla mtoto hajazaliwa dereva akahamishiwa shamba jingine, wakapandishwa kwenye lori na vitu vyao. Alinipungia mkono mpaka vumbi likamficha.

Mtoto atakuwa alizaliwa huko. Sijui alizaliwaje. Kwa miaka, kila siku ya mnada Katesh, nilimtafuta mtu wa upande ule walikohamia, na nikimpata namsalimia vizuri. Habari za mvua? Nzuri. Habari za ng'ombe? Nzuri. Za watoto? Wazima wote. Hapo mdomo wangu unafunguka kumuuliza habari za yule mama, na badala yake namuuliza bei ya mahindi.