Kumtafuta Baba wa Mbwa wa Mengo

Nilitoka Kisumu kuja Kampala kufanya kazi katika kliniki ya mifugo, na miaka miwili mizima niliimaliza nikiuliza swali moja: baba wa mbwa huyu ni nani? Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatafuta chanzo cha ugonjwa wa meno ambao mbwa huurithi kwa wazazi wao, na sisi tulikikusanyia mate ya mbwa kwa vijiti vya pamba. Mate yalikuwa rahisi. Ukoo ndio ulionitoa jasho.

Pale Mengo, mtaa mmoja wa Kampala, alikuwapo mzee mmoja, karani mstaafu, mwenye jike la mbwa wa kizungu. Siku za karibuni, katika kila uzao, baadhi ya watoto waliota meno laini ya rangi ya chai, yakamomonyoka hata kwa ugali. Walilia wakila. Wawili walikufa kwa njaa, chakula kikiwa mbele yao. Nilitaka uzao ule uwe wa mwisho kuteseka, basi.

Nilikuwa nimefundishwa adabu za Waganda, kwamba mwanamke humsalimia mzee kwa magoti kama binti yake, nami nikazishika vizuri mno. Nilipiga magoti kumsalimia mzee, na hapohapo chini nikamuuliza baba wa watoto wale. Akakohoa, akasema ni mbwa wa askari mmoja kule Luzira. Nikaandika daftarini.

Luzira nilikwenda mara nne. Askari mmoja akaniuliza kama huyo mbwa amekimbia matunzo ya watoto, wenzake wakaangua kicheko. Nilirudi na viatu vya matope na fomu yenye pengo palepale pa baba.

Halafu jibu la maabara kuhusu mate ya mbwa wote wa mzee likaja. Baba alikuwa dume kijana wa hapohapo uani kwa mzee, mtoto wa jike lile lile. Wote wawili waliubeba ugonjwa bila kuumwa, wakawarithisha watoto pande zote mbili.

Nilikwenda Mengo nimefura kwa hasira, na bado nikapiga magoti. Nilipomwambia maabara imeona nini, mzee alitazama pembeni, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nnyabo, wewe unapigia mimi magoti kama mtoto yangu. Sasa mimi naambia mtoto yangu namna gani kwamba mbwa inapanda mama yake?"

Angeulizwa na mwanamume aliyesimama wima, angejibu siku ya kwanza. Wanasema mficha uchi hazai. Huyu alificha, na jike lake likazidi kuzaa. Lilikuwa limelala ukutani, chuchu zimevimba, tumbo la mimba nyingine limeshuka. Nilimkasirikia mzee, nikajikasirikia zaidi, mimi na magoti yangu.

Akaniuliza, kama angesema mapema, ningemwambia afanye nini. Nikamjibu kwamba amfunge dume upande wa pili wa nyumba, au atuletee tumhasi.

"Hiyo tu?"

Nikamwambia ndiyo, mzee, hiyo tu.