Kati ya Tea na D

Miaka kumi na minne nimekaa ndani ya chai. Nimeinyausha, nimeibeba, nimeifagia, nimeipumua hadi naamini ukinikata kidole leo itatoka strungi badala ya damu. Lakini neno lenyewe la Kiingereza, tea, lilinishinda kutamka. Nikilisema mimi, mtu wa nje husikia D. Nikisema D, huyo huyo huniletea kikombe.

Si mimi peke yangu. Huku kwetu, kutoka Kericho hadi Bomet, lugha ya mama haikuona sababu ya kutenganisha b na p, d na t, g na k. Mama yangu alizaa, akalea, akalima na kuuza maziwa maisha yake yote bila kuhitaji tofauti hiyo hata siku moja. Mimi ndiye niliyejitafutia balaa. Nilitaka kuwa mwalimu wa Kiingereza.

Sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, dawati moja na baba wa watoto watano ambaye alinakili kila kitu changu kwenye mtihani, mpaka jina. Barua ya chuo kikuu ilipofika tulichinja ng'ombe. Sawa, alikuwa kuku, lakini kuku mwenye heshima zake.

Chuoni, mhadhiri wa fonetiki, mama mfupi aliyetembea na kikombe chake mwenyewe mkobani, alinisimamisha wiki ya kwanza nisome sentensi moja ya fahali anayevuta mkokoteni. Ndani yake mlikuwa na bull, yaani fahali, na pull, yaani kuvuta. Nikasoma kwa sauti ya kuhubiri.

Akavua miwani. "Sasa hapo, mzee, nani anamvuta nani?"

Darasa likaanguka. Vijana wa miaka kumi na tisa walicheka hadi mmoja akatoka nje kutapika, ama ndivyo ninavyokumbuka. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Fahali.

Nilivumilia. Shida yenyewe ilikuja mwaka wa mwisho, katika mazoezi ya kufundisha. Nilipewa shule ya kutwa ng'ambo ya Kapkatet, kidato cha pili, muhula mzima. Watathmini watatu wangekuja kwa siku tofauti bila kupiga hodi. Sheria ya chuo chetu ilikuwa fupi: ukipata D kwenye mazoezi, unarudia muhula wote mwaka unaofuata. Na mimi mwaka unaofuata sikuwa nao. Meneja wa kiwanda alikuwa amenikubalia zamu za usiku kwa muhula mmoja tu, nifundishe mchana. "Mmoja," alisema, akinyoosha kidole nisije nikasikia vingine. Baada ya hapo ningechagua, kazi au chaki.

Basi nikawa mtu wa kulala vipande vipande. Saa kumi na mbili asubuhi natoka kiwandani, saa mbili kasoro niko gwarideni nikiimba wimbo wa taifa nimefumba macho, watu wakidhani ni uzalendo. Niliwahi kuandika ubaoni mstari mzima uliopanda, ukapanda, ukaishia juu ya fremu ya dirisha. Mke wangu alisema nikilala nasahihisha insha mgongoni mwake kwa kidole, na kwamba sijawahi kumpa zaidi ya kumi na mbili kwa ishirini. Nilichoka hadi kivuli changu kikawa kinaketi kabla yangu.

Mtathmini wa kwanza akaja, akaandika: mwalimu ana bidii, lakini anachanganya p na b, t na d, k na g. Wa pili akaja, akaandika yale yale, ila yeye aliacha neno bidii. Alama zao zilikuwa zimeshika ukingo kwa kucha. Wa tatu ndiye angeamua. Nikafungua azimio la kazi kuona wiki zilizobaki nafundisha nini, nikataka kulia. Matamshi. Jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Pin na bin. Cold na gold. Mungu ana utani.

Aliyenisaidia hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, tuliyefanya naye zamu moja, yeye chumba cha kuchekecha, mimi kwenye kunyausha. Kule kwenye kuchekecha chai hutoa nyuzinyuzi nyepesi kuliko manyoya ya kifaranga. Sisi tunaziita flafu. Hukaa kwenye nyusi, kwenye kitambaa cha kichwa, kila mahali, na mtu wa huko akitoka asubuhi utadhani ameota ukungu.

Asubuhi moja tulikuwa langoni tukingoja kusachiwa na askari. Mimi nafanya mazoezi kwa sauti ya chini: pull, bull, pull, bull.

"Omera, ndugu yangu, unahesabu nini?" akaniuliza.

"Nafundisha fahali kuvuta."

"Mimi nasikia fahali tupu. Hakuna anayevuta."

"Wewe nawe? Si juzi ulimwambia mpishi wa kantini akuwekee fis?"

"Fis ni samaki, wote wanajua, hata samaki mwenyewe anajua. Mimi sitaki kuwa mwalimu. Haya, sema kwa nguvu, kama mtu anayezima koroboi."

Nikamgeukia, nikasema pull kama anayezima koroboi. Flafu yote ya mbele ya kilemba chake ikaruka.

Tukatazamana. "Sema ile nyingine," akasema, sasa bila mzaha. Nikasema bull. Flafu ikatulia. Pull, ikaruka. Bull, ikatulia. Kumbe ile p ya Kiingereza mwanzoni mwa neno hutoka na pumzi, na b haina. Mhadhiri alikuwa ametuambia haya miaka mitatu iliyopita, mimi nikayaandika daftarini na kuyaacha humo. Sikio langu halikusikia chochote, lakini macho yaliona. Askari akatuuliza kama tumelewa.

"Chukua," yule mama akasema, akijipangusa na kunijazia bahasha ya kaki. "Ukifeli usiseme ni chai ya watu wa ziwa."

Kwa t na k flafu ilitikisika tu, kwa uvivu, lakini ilitikisika. Wiki mbili nilitembea na bahasha hiyo mfukoni, nikinyanyua kiganja mbele ya mdomo kila nilipokuwa peke yangu. Majirani walifikiri nimeokoka na naombea mkono.

Mtathmini wa tatu akaja siku ya Alhamisi, somo la kwanza baada ya chakula cha mchana, wakati ambao kidato cha pili huwa ni gunia la maharagwe. Na alikuwa nani? Yule yule mama wa fonetiki, na kikombe chake mkobani. Akaketi nyuma kabisa, akafungua fomu. "Endelea, mzee, kama mimi sipo."

Nikagawa flafu, kila dawati fungu dogo juu ya ukurasa wa daftari. Pin, bin. Pack, back. Gunia la maharagwe likafunguka. Watoto walipuliza, wakapiga chafya, wakashtakiana. "Mwalimu, huyu anapuliza na pua!" Binti mmoja wa dawati la mbele, mwenye ulimi mkali kuliko panga la kukatia miwa, akajitangaza refa, akawa anasimama juu ya wenzake: "Imeruka! Haijaruka! Wewe rudia, hiyo ilikuwa mate."

Nilikuwa karibu kufurahi. Ndipo mhadhiri akainuka, akanipa karatasi yenye maneno kumi aliyoandika papo hapo. "Wape kisogo. Usome wewe. Waandike wanachosikia."

Nikageukia ubao. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na flafu kiganjani, karibu na mdomo. Tatu za kwanza zikaenda. La nne lilikuwa bride, bibi harusi. Usiku mzima sikuwa nimefumba jicho, miguu ilikuwa si yangu, na niliposema neno lile nikaona flafu ikicheza kidogo, si kuruka si kutulia, kama ng'ombe aliyesimama katikati ya barabara. Nikaendelea. Nilipomaliza nikawageukia waseme walichoandika.

La nne, nusu ya darasa walikuwa na bibi harusi, nusu walikuwa na pride, majivuno.

"Mwalimu," refa akasema, mkono juu, "hiyo hata wewe hukuamua."

Wakacheka. Nyuma kule kalamu ikaanza kutembea kwenye fomu. Ningeweza kusema walisikia vibaya. Walimu wangu wengi walisema hivyo, na nikawaamini. Lakini uongo nao unataka nguvu, na zangu zilikuwa zimebaki kiwandani.

"Kweli," nikasema. "Sikuamua. Masikio yangu hayajui hiyo tofauti, mimi naitafuta kwa macho. Nani ameisikia kwa masikio? Aje anisomee."

Refa akaja mbele, akachukua karatasi. Akasoma bride. Flafu kiganjani mwangu haikusogea. Akasoma pride, ikanirukia machoni. Akanirudisha kama mtoto wa chekechea: "Tena, mwalimu. Midomo kwanza. Usiharakishe." Nikarudia mara tano mbele ya wanafunzi arobaini na wanane. Mara ya sita darasa zima likapiga meza: "Bibi harusi!" Tukamaliza yale kumi hivyo, mimi nikisoma, wao wakihukumu, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Mhadhiri alikunja fomu. Tukatembea hadi chumba cha walimu. Mgeni akifika shuleni kwetu hawezi kuondoka na tumbo kavu, hata awe amekuja kukuchinja. Nikasimama mbele yake kwa adabu, nikauliza kwa Kiingereza changu cha kiofisi kama ningemletea tea.

Akainua macho. "Utaniletea nini?"

Moyo ukashuka hadi kwenye soksi. Nikarudia.

"Mzee, mara mbili sasa umeniomba D. Ninayo hapa, kalamu iko tayari. Ndiyo unayotaka?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Bahasha ilikuwa na flafu ya mwisho mwisho, kidole kimoja hivi. Nikaiweka kiganjani, nikakileta mdomoni mbele ya walimu wote waliokuwa wakila mandazi, ulimi nyuma ya meno, nikakusanya pumzi iliyobaki mwilini mwangu, na nikasema, "Tea."

Iliruka yote. Ikatua juu ya fomu, juu ya miwani, nyingine ndani ya kile kikombe chake kitupu.

Akaitazama ile iliyotua ndani ya kikombe. "Hii umeitoa wapi?"

"Kiwandani, madam. Kwenye kuchekecha."

"Na nani alikufundisha kuitumia?"

"Mama mmoja asiyeweza kusema fish."

Hapo ndipo alipocheka, mara moja tu, kama mtu anayekohoa. Akapangusa fomu kwa upande wa mkono, akaandika herufi moja, akanigeuzia niione. Kisha akanisukumia kikombe. "Haya sasa, lete. Maziwa mengi."

Jioni hiyo nilirudi kiwandani moja kwa moja, sikuwa na muda wa kupita nyumbani. Yule mama alikuwa langoni, kilemba chake kimefuliwa, anangoja zamu ianze. Nilimkuta nikiburuta miguu, nikaegemea ukuta karibu naye.

"Sura hiyo ni ya matanga," akasema. "Umepata nini?"

"C."

"Si nini?"

"Si D," nikamwambia.

Alinipiga kofi la mgongo lililonitoa ukutani. King'ora kikalia. Nikaomba anishike mkono mpaka mlangoni, maana macho yalikuwa yanajifunga yenyewe, na kwenye kunyausha kulikuwa na majani ya mchana kutwa yananingoja.