Nilisema Sijui Anaweka Nini

Nilimharibia mwanamke mwenzangu jina kwa sentensi moja, na nilipokuwa naisema nilijua ni uongo. Hilo ndilo kosa langu. Mengine mtakayosikia kunihusu hapa Garissa, eti nilifungua baa uani kwangu, eti nilileta tabia za Nairobi, hayo siyapokei na siyaombei msamaha kwa mtu yeyote.

Jina langu siliandiki kwa ajili ya watoto wangu. Yeye namtaja, kwa sababu jina lake ndilo lililochafuliwa. Aliitwa Habiba.

Mimi ni mtu wa mto. Kwetu ni mashamba ya kando ya Tana: ndizi, mapapai, matikiti, ndimu, na maembe mwaka yakikubali. Niliolewa na Msomali mfanyabiashara wa mifugo, kwao Eldas, watu wa ngamia. Mume wangu hakuwa na neno. Lakini ukoo wake, hata baada ya watoto watatu, ulikuwa bado unaniangalia kama mgeni aliyesahau kuaga. Nakueleza hili ulielewe, si unionee huruma.

Vita vilipoivunja Somalia, Habiba alivuka mpaka pale Liboi akiwa na binti yake mdogo. Mumewe alikuwa amekufa njiani. Walikaa kambini Dadaab, kisha akapata ruhusa ya kumleta mtoto hospitali mjini, macho yalikuwa yanamsumbua. Tulikutana kwenye benchi la hospitali. Kwao ni upande wa Kismayo, na Kiswahili alikijua kwa majirani zake wa pwani. Hebu fikiria raha niliyoipata! Nyumbani kwa mume wangu watu walinigeuzia Kiswahili pale tu walipotaka kunituma kitu. Huyu alikaa akanisimulia maisha yake yote kabla daktari hajatuita.

Nikamwomba mume wangu awape chumba kilichokuwa karibu na lango. Amu yake mume wangu, mzee anayeheshimiwa ambaye sote tulimwita Adeer, akakubali kumdhamini kwa chifu ili akae mjini. Bila mdhamini angerudishwa kambini siku yoyote. Mtoto alipopona macho, tukamwandikisha shule.

Mvua za Gu zilipoanza, ile masika yetu ya huku, kaka yangu akaniletea matunda mkokoteni mzima wa punda. Papai likiiva halisubiri mtu. Nilikuwa nalalamika yataoza, Habiba akasema, "Abaayo, dada yangu, nipe mimi. Nitakutengenezea isbarmunto."

Isbarmunto, ndivyo wao wanavyoita maji ya matunda. Neno la Waitaliano, alinieleza, limelainishwa na midomo ya Kisomali.

Alichemsha maji, akayaacha yapoe. Akaponda tikiti, akalichuja kwa kitambaa cheupe, akakamua ndimu mbili na kutia chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Nilipokunywa nilimnyooshea gilasi aongeze. Akaniambia, "Hii ni ya baba yangu. Alikuwa anawapa wavunaji shambani, kule mto Juba. Yeye mwenyewe anakunywa wa mwisho."

Kila kinywaji chake kilikuwa na mtu wake. Papai na maziwa ya ngamia na iliki, hiyo ilikuwa ya harusi yake, shangazi zake walisaga iliki mpaka nyumba ya tatu wakainusa. Ukwaju na tangawizi ilikuwa ya mumewe, alipokuwa na homa na hataki kula. Akiitengeneza hiyo alikuwa hasemi na mtu. Nami nikaongeza yangu: embe bivu, ndimu, na pilipili kidogo sana, ya bibi yangu aliyenilea, ambaye alikuwa akila embe anafunga macho kama anayeswali.

Mama mkwe wangu, niliyezoea kumwita Hooyo, alikuwa na ugonjwa wa tumbo na chakula kilikuwa hakimkai. Ile ya ndimu ya Habiba ikamkaa. Kila asubuhi akawa anaomba gilasi yake.

Basi tukaona tuuze. Mume wangu akanunua mashine kuukuu ya kusagia matunda, barafu tukawa tunachukua dukani kwenye kona kulikokuwa na friji, tukaweka meza na benchi kivulini mbele ya lango. Mimi nikasema isbarmunto haliuziki, nani atalisoma? Nilikuwa nimeona kwenye ubao wa mkahawa mmoja Eastleigh, Nairobi, mkahawa wa Waislamu watupu, katikati ya juisi ya maembe na juisi ya parachichi, neno zuri. Nikachukua kipande cha boksi na rangi nyekundu nikaandika KOKTEL.

"Koktel ni nini?" Habiba akauliza.

"Ni isbarmunto ya Kenya."

Akacheka mpaka akashika ubavu.

Watu walikuja! Walimu, wauguzi, wanawake wa sokoni, wanaume waliotoka kuuza ng'ombe na vumbi limewajaa kope. Ule msimu ulikuwa mtamu na sitaruhusu mtu aniambie vingine.

Ila kuna kitu kilianza kuniuma, na lazima nikiseme. Watu walikuwa wakisema, "Naenda kwa Habiba." Nyumba ni yangu, matunda ni ya kaka yangu, boksi nimeliandika mimi, lakini ni kwa Habiba. Hata mama mkwe alikuwa akiamka anamwita Habiba. Nilimwonea wivu mtu ambaye hakuwa na hata kitanda chake mwenyewe. Naandika hilo pia.

Kisha akapita dereva mmoja wa lori la mifugo, mtu wa ukoo wa mume wangu, mwenye kwenda Nairobi kila wiki. Akalisoma boksi, akacheka kwa sauti. Akasema Nairobi, kwenye hoteli kubwa, koktel ni pombe, tena ile kali inayochanganywa na matunda kuficha harufu. Hakuketi wala hakuonja. Alisema akaenda zake.

Siku mbili benchi likawa tupu. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, Adeer akaja na wazee wawili. Wakaketi uani. Mume wangu akaketi pembeni yao, macho chini. Habiba alikuwa jikoni, naye kwa kutojua akatoka na sinia la gilasi nne za embe, zimetoka kwenye mashine muda huo huo.

Adeer alinitazama mimi. Kisomali amu na mke wa mpwa wake wanaitana jina moja, basi akaniambia, "Adeer, mimi nasikia hapa nauzwa bombe."

Pombe ndiyo hiyo bombe yake. Nikamwambia, "Hapana, Adeer. Ni matunda."

Akainua gilasi akaitazama juani. "Kama ni matunda, hii bofu inatoka wabi?"

Povu! Embe ukilisaga linatoa povu, mtoto yeyote wa mto anajua. Kwa watu wa ngamia povu ni la maziwa, na kitu kingine chenye povu wamekisikia kwa jina tu, nacho ni bia. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kuichukua ile gilasi mkononi mwake nikainywa yote mbele yao, mambo yakaisha hapo.

Mzee mwingine akasema, "Huyu wetu ni mtu ya mto. Watu ya mto nakunywa tembo."

Hapo nikaogopa. Nilijiona narudishwa kwetu na nguo zangu kwenye gunia, watoto wanabaki. Miaka yote niliyojitahidi kuwa mtu wao niliiona inaelea juu ya lile povu. Nikatafuta haraka mtu aliye mgeni kuliko mimi, na alikuwa amesimama pale na sinia mkononi.

Nikasema, "Anayechanganya ni Habiba. Mimi sijui anaweka nini."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimelimenya lile embe mwenyewe.

Habiba aliliweka sinia chini taratibu. Akasema, "Wallahi ni embe," mara moja tu. Kisha akanitazama akingoja niseme kitu. Nilisema kitu? Nilitazama miguu yangu.

Adeer akainuka. "Basi mimi natoa mkono yangu kwa hii mama. Mimi siwezi dhamini bombe." Hakuwa mtu mbaya, nawaambia ukweli. Aliuliza, akajibiwa. Aliyejibu ni mimi.

Wiki haikuisha, Habiba na binti yake wakapanda lori la kurudi Dadaab. Mtoto alikuwa darasa la pili, amejua kusoma. Mama yake alinikabidhi ufunguo wa chumba, amekifagia. Alinishukuru kwa kumkaribisha. Afadhali angenitukana.

Mume wangu aliniuliza baadaye, "Kulikuwa na kitu ndani?" Nikasema hapana. Hakunipiga, hakunifokea. Alichukua kofia yake akaenda msikitini, na tangu siku hiyo akinisikiliza nikiongea anakuwa kama mtu anayepima mbuzi wa muuzaji asiyemwamini.

Lakini aliyenimaliza ni mama mkwe. Asubuhi iliyofuata ile siku ya wazee nilimtengenezea ndimu yake, vile vile, maji yale yale. Akaishika gilasi, akaniuliza, "Wewe jana nasema hujui Habiba naweka nini?"

Nikainama kumwekea mto vizuri.

"Sasa na mimi sijui wewe naweka nini."

Akanirudishia. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, anapokea kutoka kwangu uji, chai, dawa, lakini kinywaji cha matunda cha mkono wangu hakukigusa mpaka anaingia kaburini. Siku tuliyomzika nilijua kwamba sitapata usingizi wa haki mpaka nimwone Habiba.

Nikaenda Dadaab. Niliuliza siku nzima, nikamkuta anauza chai chini ya turubai, amekonda, binti yake amerefuka. Alinikaribisha kama jirani. Nikalia, nikamwambia yote: wivu, woga, embe nililolimenya mwenyewe. Nikamwomba anisamehe.

"Nimekusamehe zamani, abaayo," akasema. "Lakini umekuja safari yote hii kuniambia mimi kwamba sikuweka pombe?"

Sikuelewa.

"Mimi najua sikuweka. Nilikuwepo." Akanimiminia chai. "Mwanangu huku kambini anaitwa mtoto wa mama wa pombe. Jina hilo watu wametoka nalo huko kwenu. Kawaambie wasiojua."

Nilirudi Garissa, na Ijumaa baada ya alasiri nikaenda kwenye mkahawa wa chai ambapo Adeer na wenzake huketi. Wanawake hawaingii pale. Niliingia. Nikasimama katikati ya viti nikasema kwa sauti: lile lilikuwa embe, maji, ndimu na barafu. Habiba hakuweka pombe. Mimi nilijua, nami nilidanganya kwa sababu niliogopa kufukuzwa.

Mmoja akacheka. Mwingine akamwambia mwenye mkahawa anitoe. Adeer aliweka kikombe chake chini, akasema, "Adeer, hii maneno ya zamani. Wacha ibite."

Nikamwambia, "Mbona kwa Habiba haikupita?"

Akainuka, akatoka. Lakini kesho yake alikwenda kwa chifu na fimbo yake, akasema anarudisha mkono wake. Hilo namheshimu nalo mpaka leo.

Nikafunga safari ya pili kwenda kambini kumchukua. Nikakuta watu wengine chini ya lile turubai. Habiba na binti yake walikuwa wamepelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, hakuna aliyeijua kwa jina. Hakujua kwamba nilisema. Pengine mpaka leo anadhani niliondoka na msamaha wake nikaenda kulala.

Sasa nyumbani wengine hawanisalimu, kwa kuingia kwenye mkahawa wa wanaume, si kwa uongo niliosema! Uongo waliusamehe siku ile ile. Na wasinisalimu. Meza yangu nimeirudisha langoni, boksi jipya limeandikwa ISBARMUNTO YA HABIBA kwa herufi kubwa, na mwenye kuuliza Habiba ni nani namweleza habari yote, gilasi yake mkononi, mpaka mwisho. Dereva yule alihamia Mombasa. Wazee wale wawili, mmoja amekufa na mwingine yuko Kutulo na ngamia zake. Wateja wa siku zile wametawanyika, na kila mmoja ameondoka na lile neno. Siwezi kuwafuata mlango kwa mlango, ndiyo maana naandika hapa.

Wewe unayesoma, kama ulimsema mtu uongo mbele za watu, usiende kumwomba msamaha faraghani halafu ukajiona umemaliza. Yeye anajua hakufanya. Nenda kwa wale waliokusikia, ukaseme kwa sauti ile ile, na uende mapema, kabla hajaondoka akiamini hukusema.