Nyuma ya Makapi ya Mkonge

Leo upepo umeniletea uvundo wa makapi ya mkonge kutoka kiwandani, nikatema mate. Siku wakaguzi wa elimu walipokuja shuleni kwetu kutoka wilayani, mwalimu mkuu alitutoa darasani sisi tusiojua kusoma.

"Mtatushushia wastani. Kajificheni kule nyuma ya makapi, nisisikie mtu!"

Tukachuchumaa kwenye ule ute wa kijani uliooza, inzi wakitutambaa midomoni. Darasani wenzetu walisoma, wakapigiwa makofi. Baadaye mkaguzi mmoja akaja kukojoa, akatukuta. Kwa mazoea tukamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mzee!"

"Marahaba," alinong'ona, akaweka kidole mdomoni, akafunga zipu, akarudi kula kuku waliochangwa na mama zetu kwa ajili ya wageni.