Siku Niliyomwacha Mama Mkwe Jangwani

Niacheni nijicheke mwenyewe kwanza: mimi, ambaye nalipwa na nyumba ya wazee hapa Dallas kuhakikisha hakuna mzee anayetoka mlangoni bila kuonekana, nilimwacha mama mkwe kwenye kituo cha mafuta katikati ya jangwa. Wangu mwenyewe, wala si wa kuazima. Na ukoo wake mzima ukashuhudia kwa video.

Mama alikuwa amekuja kutoka Bungoma kututembelea kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa na hamu moja tu, aniamini. Tangu nimwoe binti yake Nekesa na kumleta huku ng'ambo, Mama amekuwa na wasiwasi nami. Hasemi, lakini anauliza maswali kama, "Huu mlango usiku hufungwa na nani?" (Nafunga mimi, Mama, wallahi nafunga mimi.) Basi nilipopata likizo nikasema nitampeleka mpaka magharibi ya Texas akaone jangwa na milima, na badala ya hoteli nikakodi gari-nyumba, yale makubwa yenye vitanda, jiko na choo humohumo. Choo ndicho nilichojivunia kupita kiasi. Nilimweleza Nekesa namna ya kukitumia kwa sauti ya juu ili Mama asikie, maana kumwonyesha Mama mwenyewe choo, jamani, ningeanzia wapi?

Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana mpaka mgeni adhani wamegombana. Hatupeani mkono, hatuketi karibu, na mahali anapolala mimi hata jicho sipeleki. Kwa hiyo kitanda cha nyuma nikampa yeye, nikatundika shuka liwe pazia, nikajiambia kwamba hilo pazia sitaligusa hata gari likiwaka moto. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, na nilijiona mkwe wa mfano.

Asubuhi ya pili tukasimama kujaza mafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine chochote ila kituo chenyewe, vichaka vikavu na malori. Nekesa alikuwa amejilaza kitini kichwa kinamuuma, na binti yetu Imani, ambaye ana miaka tisa, alikuwa amevaa vile vya kusikilizia masikioni, macho kwenye tableti. Nikajaza, nikalipa, nikajinunulia kahawa, nikarudi usukani na kuuliza, "Mama yupo?" Nekesa akajibu bila kufumbua macho, "Mm, si amelala." Nikalitazama pazia kupitia kioo, nalo limetulia kabisa. Mtu mwingine yeyote angenyanyuka akachungulia. Mimi nikawasha gari, na nikaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini nisimwamshe (kumbe namwimbia mto).

Mtandao ulipotea muda mrefu, na uliporudi tulikuwa tumefika penye milima ya kupendeza kweli, nikaegesha kwenye maegesho ya kutazamia mandhari. Hapo ndipo sifa zikanipanda kichwani. Kenya ilikuwa jioni, nikajua wakwe zangu wamekusanyika kwa Wafula, kaka mkubwa wa Nekesa, basi nikawapigia video wote na kuielekeza simu milimani. Hakuna aliyeniitikia salamu vizuri.

"Shemeji," Wafula akasema, polepole mno, "Mama yuko aje?"

"Mama yuko poa kabisa! Amelala huko nyuma. Hii gari ni smooth, hata hasikii barabara."

Nyuma ya Wafula nikasikia mwanamke akisema, "Yesu!"

"Amelala," Wafula akarudia.

"Fofofo."

"Basi hebu Nekesa afungue hiyo pazia tumwone."

Nekesa akafungua. Palikuwa na mto, blanketi lililokunjwa vizuri, Biblia na miwani juu yake. Imani akatoa vya masikioni, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa utulivu wote wa mtoto aliyezaliwa Amerika, "Grandma got off at the gas station. Nobody asked me." (Yaani Bibi alishuka kule kwenye mafuta, ila yeye hakuulizwa.)

Nilimwona Mama barabarani, nikaona jua, nikaona malori, nikaona jeneza (niliona hata mimi nikizuiwa kuingia mazishini).

"Mama amenipigia," Wafula akasema. "Ameomba wifi kwa hiyo petrol station. Sasa geuza gari, shemeji."

"Na uache kutuonyesha milima!" akapaza sauti shangazi yao, maana mkono wangu ulikuwa bado umeielekeza simu kulekule.

Sasa barabara kuu za huku, ukikosa hugeuzi pale ulipokosea. Lazima uende mbele mpaka njia ya kutokea, na jangwani njia hizo zimeachana mbali. Kwa hiyo nikazidi kumkimbia Mama, huku simu imesimama mbele yangu, wakwe wote wananitazama, na kwa kiwewe nimeshindwa kuikata.

"Mbona bado unaenda mbele?"

"Natafuta pa kugeuzia, Shangazi."

"Bado anaenda mbele," akawatangazia wengine. Nekesa alikuwa analia na hanisemeshi. Kabla sijageuza, binamu yake wa Houston alikuwa ameshatuma ujumbe kuuliza kama ni kweli.

Tulimkuta palepale kwenye pampu tuliyotumia, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, mwavuli mkononi, uso umelowa jasho. Madereva wa malori wawili walikuwa wamesimama kando yake kama walinzi. Mwanamke wa dukani akatoka, mikono kiunoni, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Akaniambia alitaka kuita polisi, Mama akakataa, akisema watamwaibisha kijana wake. Akataka kumwingiza ndani kwenye ubaridi, akakataa pia. Alisema mkwe wake atarudi, na akirudi amwone mara moja, asihangaike kumtafuta.

Hayo maneno yaliniumiza kuliko matusi yote ya ukweni. Mtu niliyekuwa nahangaika aniamini alikuwa amekaa kwenye jua lile, saa nzima na zaidi, kwa sababu ananiamini.

"Mama, nisamehe," nikasema, naangalia chini.

Naye akaangalia pembeni, kama ilivyo desturi. "Baba Imani, kosa ni langu. Nilishuka kimya."

"Lakini Mama, si kuna choo ndani?" Nekesa akauliza.

Mama akapunguza sauti, ingawa wote tulisikia. "Nitaingiaje chooni na mkwe ameketi hapo?"

Kumbe tangu Dallas hajakigusa! Kile choo nilichokisifu kwa sauti kubwa, Mama alikuwa anajibana mpaka tusimame mahali, kisha anateleza nje bila kuaga, maana atamwagaje mkwe kwamba anakwenda haja? Yeye alionea haya kusema na mimi nikaonea haya kutazama, na kati ya haya zetu mbili Mama akabaki kwenye pampu ya mafuta.

Kanisani Dallas wananicheka mpaka leo, na ni haki yao. Nami nimeapa: siwashi gari bila kuita "Mama!" kwa sauti na kusikia ameitika, hata kama majirani wanashangaa mkwe gani huyu asiye na adabu.

Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, nilimwambia mwenyewe, masikio yananiwaka, "Mama, ukihitaji kitu chochote, niambie mimi." Akasema, "Sawa." Hatukufika mbali nikasikia kutoka nyuma ya pazia, "Baba Imani."

"Naam, Mama."

"Simama."

Nikasimama pembeni, nikawasha taa za hatari, nikashuka bila kuuliza. Nilitembea hadi kwenye ua wa seng'enge nikasimama huko, mgongo kwa gari, uso kwa jangwa, jua la utosi, malori yakipita yananipigia honi. Sikugeuka mpaka Nekesa aliponiita.