Mkono wa Dirishani

Mashine ya ECG ilipofika kwenye zahanati yetu pale Kaloleni, mimi niliringa kuliko hata aliyeinunua. Ilikuwa miaka ile ya soko huria: zahanati za watu binafsi zimeruhusiwa tena, kampuni za utalii zinafunguliwa kila kona, nami nesi wa miaka ishirini na mitatu nimefundishwa wiki mbili kupima moyo. Nilijiona nimemaliza kazi. Kila karatasi iliyotoka na vilima vyake vidogo ilinisisimua. Umeme wa moyo wa mtu, unajiandika wenyewe mbele yangu! Daktari akiitazama aliona kama mapigo yanafuatana sawasawa, kama umeme unakwama njiani, kama kuna msuli uliowahi kuumia bila mwenyewe kujua.

Chumba kilikuwa chembamba, kitanda kimebanwa kati ya dirisha na ukuta. Nilikuwa na mtindo wangu wa kuharakisha: waya mwekundu mkono wa dirishani, wa njano mkono wa ukutani. Mambo ya kulia na kushoto niliwaachia wanafunzi.

Asubuhi moja akaja baba mmoja kutoka Nkoaranga, mkulima wa kahawa aliyepata kazi ya kubeba mizigo ya watalii mlimani. Kampuni ilitaka cheti cha moyo, na orodha ya wapagazi ilifungwa saa saba mchana. Asipokipeleka, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nikamwonyesha pa kulala.

"Sista, miguu mlangoni silali," akasema. "Hivyo ndivyo wanavyotolewa waliokufa."

"Haya baba, geuka unavyotaka."

Nikacheka, nikabandika nyaya upesi upesi, mwekundu dirishani, njano ukutani, nikabonyeza.

Daktari alikunja uso. Vilima vya mstari wa kwanza vilikuwa vimegeuka mashimo, na nje foleni ilikuwa ndefu. "Hii siipendi. Asipande mlima mpaka aonwe na bingwa wa moyo." Akaandika hivyo, nami nikampa baba wa watu karatasi yake. Hakubisha. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akanishukuru. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa natandika shuka nilipoona mto uko upande usio wake. Mkono wa dirishani, leo, ulikuwa wa kushoto, na waya mwekundu ni wa kulia!

Nilitoka mbio na yunifomu yangu, kofia ikadondoka, nikaipita foleni na kuvuka barabara nikipiga kelele, "Baba! Baba wa moyo!" Wauza mitumba wakaniangalia kama nimechanganyikiwa. Nilimkuta karibu na uwanja wa mpira, amekaa juu ya tofali, anatazama viatu vyake.

"Turudi, baba. Moyo wako sijui ukoje, lakini mimi nimekosea."

Mbele ya foleni nzima nilimweleza daktari nilichofanya. Mimi niliyekuwa nikijisifu! Akanyooshea kidole kitanda. Safari hii nilimshika baba mkono mmoja mmoja, nikitamka kwa sauti: kulia, kushoto. Karatasi ikaanza kutoka. Kilima. Kilima. Kilima kingine, na vyote vimesimama! Nilipiga kigelegele mle mle zahanatini, daktari akanikemea huku anatabasamu. Akamsikiliza kifua, akampima presha, akamwambia kwamba karatasi inaeleza moyo wa leo tu, kwa hiyo akisikia maumivu ya kifua au pumzi zikimwishia huko juu, ashuke mara moja. Akasaini saa sita na nusu.

Baba alifika mlangoni na cheti chake, akageuka.

"Asante sana, sista. Na wale wa kabla yangu, uliwapima vizuri?"

Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Nilivuta droo ya mafaili, nikatoa karatasi ya mgonjwa wangu wa kwanza kabisa, nikaanza kuangalia.