Meno Meupe ya Wiki Mbili

Mamangu amepita miaka sabini na meno yake yote yapo. Anamenya mua kwa meno, anafungua soda kwa meno, na akicheka unaona hadi magego. Mimi nina arobaini na sita, na mua naukatakata kwa kisu kama ninayemlisha mtoto. Nalisema hili mapema ili mtu asinisome akidhani nitamalizia kwa msamaha. Hasira yangu ni ya zamani na nimeitunza vizuri.

Yeye alizaliwa magharibi, kwenye chemchemi ambazo maji yake hayana neno na mtu. Babangu, dereva wa lori, alimwoa na kumleta Nakuru, na huku ndiko tulikozaliwa mimi na wadogo zangu. Tulikunywa maji ya kisima kirefu kama kila mtu. Meno ya utoto yalipong'oka, yaliyoota mahali pake yalikuwa ya kahawia, mengine na mistari kama ya chai iliyokauka kikombeni. Mtu wa Nakuru haoni ajabu hapo. Ukiwa ugenini na mtu usiyemjua akafungua mdomo akakuonyesha meno ya namna hiyo, unamuuliza tu anatoka mtaa gani wa Nakuru.

Mamangu hakulijua hilo, na hakuna aliyemwambia. Yeye aliona uchafu. Kila Desemba tulipokwenda kwao, dada zake walitushika kidevu, wakatuinua nyuso kwenye mwanga, kisha wakamgeukia yeye.

"Kwani huko mjini hamna miswaki?" mmoja aliuliza, na jiko zima likacheka.

Mamangu alicheka nao. Tukirudi Nakuru, alianza kazi.

Alianza na majivu. Majivu yaliposhindwa, mkaa uliosagwa. Mkaa uliposhindwa, magadi yale yale aliyolainishia mboga, akinisugulia kwa kitambaa mpaka fizi zikawa zinavuja damu kwenye beseni. Kuna Jumapili alichukua kipande cha msasa ambacho babangu alisugulia kutu ya lori, akakikunja kikawa kidogo, akaniambia nitulie tuwahi kanisa. Nilikaa kwenye ibada mdomo ukiwaka moto, na wimbo ulipofika pa kuimba kwa nguvu niliimba na midomo imefungwa.

Kisha kulikuwa na mambo ya maji. Kliniki walimfundisha kuchemsha maji ya kunywa, na mamangu akifundishwa kitu hukifanya hadi mwisho. Aliyachemsha asubuhi, akayaacha yatokote hadi sufuria ibaki nusu, akitwambia kwamba sasa ni safi kuliko ya wazungu. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa na daktari wa meno kwamba rangi ile ni ya madini ya floraidi yaliyo ndani ya maji yetu, kwamba jino huota likiwa limeshaiva hivyo, na kwamba maji yakichemka yanapungua lakini madini yanabaki pale pale. Yaani mwanamke yule alitupikia meno ya kahawia kila asubuhi, kwa bidii na kwa upendo, kisha jioni akatusugua kwa kuwa nayo.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, mdogo wa mwisho wa mamangu alikuwa anaolewa. Mimi nilichaguliwa niwe mmoja wa wasichana wa kumsindikiza bibi harusi. Nguo ilishonwa, viatu vikapatikana, ikabaki mdomo. Wiki moja kabla ya safari mamangu aliniita nyuma ya nyumba saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na mbele yake kuna chupa ya dawa ya kikohozi isiyo na kibandiko, na njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba. Ndani ya chupa kulikuwa na asidi ya betri ya lori la babangu. Jirani mmoja alikuwa amemwambia kwamba ndiyo inayotoa kila kitu.

"Usifunge mdomo, na usimeze," alisema. "Ukimeza utanilaumu bure."

Alipaka jino moja moja, manne ya mbele juu, akipuliza kama anayepoza uji. Lilikuja joto, kisha ladha ya chuma, kisha maumivu yaliyopanda hadi kwenye macho. Nilijaribu kumsukuma. Alinibana kichwa katikati ya magoti yake akamaliza. Aliponisukutua na kunipa kioo, meno yangu yalikuwa meupe.

Nitasema ukweli ingawa unaniuma: nilifurahi. Yalikuwa meupe kama chaki, hayakuwa na mng'ao, lakini meupe. Nilitabasamu hadi mashavu yakachoka. Harusini, mama wakubwa na mama wadogo walinishika kidevu tena na hawakupata la kusema, na mamangu alipita katikati yao na sinia la chapati akitembea kama yeye ndiye aliyeolewa. Hapo ndipo ilipopigwa picha. Niko na maua ya karatasi mkononi na mdomo umefunguka hadi mwisho. Mamangu aliiwekea fremu na imekaa kwenye ukuta wa sebule yake hadi leo, juu ya televisheni.

Wiki ya pili nilikunywa maji baridi nikapiga mayowe. Baada ya hapo hata upepo ulinitosha. Meno yalianza kubanduka kwenye kingo kama chokaa ya ukuta wenye unyevu, na kidato cha pili kipande cha jino la kwanza kilibaki kwenye hindi la kuchoma. Nilipofika kidato cha nne, yote manne yalikuwa yameng'olewa hospitalini. Mamangu alisema ni peremende. Amesema ni peremende kwa miaka thelathini.

Nilipata meno ya bandia nilipoanza kupata kazi ya kushona. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniona bila hayo, si mume niliyekuwa naye, si binti yangu. Nayaosha nimefunga mlango kwa kitasa, na nalala nayo ingawa daktari alinikataza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani wanasema juu ya maradhi.

Ziwa Naivasha, nilikohamia kikazi, lilipopanda likaingia nyumba yetu ya mtaa wa Kihoto hadi usawa wa kitanda, nilifungasha cherehani na binti yangu, nikarudi Nakuru kwa mamangu, mtaa wa Section 58. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, hata kama guu lilivunjiwa zizini humo humo. Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Amekulia Naivasha, kwa hiyo meno yake ni ya kahawia kama yalivyokuwa yangu, na hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimemwambia kwamba ni maji, kwamba hata mimi nilikuwa nayo, kwamba ya kwangu yalipona yenyewe. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Sikutaka anione kibogoyo.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilitoka kupeleka nguo ya mteja nikasahau futi ya kupimia. Nilirudi. Nyuma ya nyumba, kwenye kigoda kile kile, mamangu alikuwa ameketi, na binti yangu amepiga magoti mbele yake na kichwa amekilaza nyuma. Kwenye sakafu ya simiti kulikuwa na chupa ndogo. Mamangu alikuwa anazungushia pamba kwenye njiti.

Sikumbuki nilisema nini. Najua binti yangu aliruka.

"Mum, tulia, ni mara moja tu," alisema, akimwelekezea bibi yake kidole. "Shosho amesema hata wewe alikufanyia. Si nimeona ile picha? Meno yako yalikuwa poa sana."

"Wiki ijayo ana drama ya shule," mamangu akaongeza bila kuacha pamba yake. "Wewe ulitaka asimame mbele ya watu hivyo?"

Kumbe picha ile ilikuwa imefanya kazi. Na uongo wangu ulikuwa umeisaidia. Ningeweza kupiga kelele mpaka majirani waje, lakini binti yangu angesubiri tu nitoke tena. Kwa hiyo niliinama, nikaingiza kidole gumba mdomoni, nikayabandua meno yangu manne na bamba lake la waridi, nikayaweka kwenye kigoda kando ya mkono wa mamangu.

Binti yangu alinitazama mdomo. Nilihisi mdomo wangu wa juu umeingia ndani na mate yananitoka, na nilipoongea maneno yalivuja.

"Yale ya kwenye picha yaling'olewa yote," nilimwambia. "Yalikuwa meupe wiki mbili."

Alichukua ile chupa akaimwaga mwenyewe. Simiti ilichemka, ikatoa povu na moshi mwembamba, na tulisimama wote watatu tukiitazama mpaka ikatulia. Palibaki doa la upana wa sahani. Binti yangu aliziba mdomo kwa kiganja chake, kama anavyofanya akicheka, ila hakuwa anacheka.

"Shosho," alisema, "ulijua?"

Mamangu alinyanyuka akaingia ndani. Nilimfuata. Miaka thelathini nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, na sasa nilikuwa na nafasi na sikuwa na meno ya kuyasemea. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, nikapanda kiti, nikashika fremu niishushe.

"Iache," alisema. Alikuwa amekaa kwenye kochi na mikono katikati ya magoti. "Hayo ya peremende niliyasema kwa ajili ya watu. Najua nilichofanya."

"Basi unaiwekea nini?"

Aliitazama picha mikononi mwangu.

"Hiyo ndiyo siku pekee watu wa kwetu hawakunicheka."

Nilisimama juu ya kiti na fremu mkononi. Sikumsamehe, na simsamehe sasa ninapoandika. Lakini msumari ulikuwa pale pale, na nilikuta nimeirudisha picha na kuinyoosha. Kisha nilitoka nje, nikachukua meno yangu kwenye kigoda, nikayaosha kwa maji ya mfereji, kwa kuwa ndiyo maji tuliyo nayo, nikayarudisha mdomoni.